Wazazi tunaitwa shuleni kuongelea uji, mambo ya elimu tunayasikia redioni

Jumamosi moja mwaka 2025 nilikuwa kwenye mkutano wa wazazi, shule ya msingi ya serikali hapa Morogoro, chini ya mwembe, madawati yametolewa nje na hayakutosha kwa hiyo wengine tulikaa kwenye mizizi. Kina mama wengi, wababa wa kuhesabu, mmoja bodaboda kaja na rifleksa yake mwilini na kila dakika tano anainuka kupokea simu ya abiria. Daftari la mahudhurio linazunguka, peni moja watu themanini. Ajenda zilikuwa sita: uji, mshahara wa mlinzi, hela ya mitihani ya majaribio, vyoo, utoro, na mengineyo. Ya uji peke yake ilikula saa nzima maana kuna waliokuwa wanadaiwa na kuna waliolipa wakaona watoto wa wasiolipa wanakunywa pia, ikawa kelele kidogo.

Tumefika mengineyo jua limeshakuwa kali, watu wanakung'uta vumbi waondoke, ndo akanyanyuka bibi mmoja. Akasema: "Mwalimu, samahani mwanangu. Mi nina wajukuu wawili hapa, mmoja yuko la nne, mwingine la tano. Nasikia huyu wa la nne ataishia la sita na mkubwa wake ataishia la saba. Sasa si watamaliza siku moja? Na wote wanaenda fomu wani mwaka mmoja? Hizo sare za watu wawili nazitoa wapi, na hayo madarasa ya kuwatosha yako wapi?"

Mwalimu mkuu akamjibu kwa upole kabisa: "Bibi yangu, hilo maelekezo yatakuja." Mkutano ukafungwa kwa sala.

Hesabu ya bibi iko sawa. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu. Waliokuwa la tatu mwaka ule ndo wa kwanza kuishia la sita, wanamaliza 2027. Waliowatangulia darasa moja wanaendelea na mtaala wa zamani mpaka la saba, na wao wanamaliza 2027. Januari 2028 makundi mawili yanagonga mlango mmoja wa kidato cha kwanza. Viongozi wanalijua hili na wameshalisema majukwaani, ila pale chini ya mwembe ambapo wenye watoto wamekaa halikuwa ajenda, liliingia kwa mlango wa mengineyo, na aliyelileta ni bibi ambaye kasikia redioni.

Simlaumu mwalimu mkuu hata kidogo. Yeye mwenyewe ni mtu wa kupokea waraka, anauliza juu anaambiwa subiri. Mi nadhani hapa ndo penye shida yetu kubwa kwenye elimu, kubwa kuliko madawati na kuliko hata uhaba wa walimu: hatuna mahali ambapo mzazi, mwalimu na serikali wanakaa wakabishana tunataka shule itutolee mtu wa namna gani, alafu jibu likarudi. Maoni yanachukuliwa, ndiyo. Jibu ndo halirudi.

Tuseme ukweli kwa serikali pia, safari hii walijitahidi kuliko zamani. Rais Samia alisema bungeni Aprili 2021 kwamba sera na mitaala itapitiwa, wakaanza kukusanya maoni, na Mei 2023 rasimu zikawekwa wazi na wadau wakaitwa Dodoma kuzijadili. Hiyo ni hatua na waliofanya wapewe haki yao. Lakini neno "wadau" lina tabia ya kumaanisha wenye barua pepe. Wamiliki wa shule, taasisi, wahadhiri, mashirika, wote wana mtu wa kuwaandikia andiko la kurasa kumi. Bibi wa wajukuu wawili andiko lake ni swali moja, na kwenye ule ukumbi wa Dodoma hamna aliyekuwa amelibeba.

Alafu kuna hili la mrejesho, hapa naomba nikae kidogo, na mfano mzuri ni lugha. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia Januari 1985. Serikali ikakataa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, ambayo Rais Kikwete aliizindua Februari 2015, ikaandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote za elimu, watu wakashangilia, maprofesa wakaandika, na shuleni hakikubadilika kitu. Sera hiyohiyo toleo la 2023 ikasema Kiswahili ni cha awali na msingi, kuanzia sekondari Kiingereza. Yaani sentensi moja muhimu kuliko zote imegeuzwa ndani ya miaka tisa. Kuna mzazi aliambiwa kwanini iliandikwa? Kuna aliyeambiwa kwanini ikageuzwa? Inawezekana sababu zilikuwa nzuri tu, vitabu, gharama, soko la ajira, sijui. Sababu nzuri isiyosemwa mbele ya watu inaonekana kama maamuzi ya mtu mmoja.

Na huku nyumbani matokeo yake tunakaa nayo mezani. Binti wa dada yangu yuko fomu wani, jioni alikuwa anakariri notsi za bayolojia kwa sauti, "photosynthesis is the process by which green plants", anarudia, anafunga daftari, anarudia. Nikamuuliza, mama, maana yake nini hiyo? Akaniangalia. Nikamwambia la sita si mlisoma usanisinuru? Uso ukafunguka, akaanza kunieleza majani yanavyotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, akaonyesha na mikono, mpaka mdogo wake akaacha katuni akaja kusikiliza. Anajua. Ila kwenye mtihani anachojua hakitahesabiwa, kitahesabiwa alichokariri, na akikosea herufi kwenye alichokariri atajiona hana akili.

Msimamo wangu uko wazi, Kiswahili kifundishie na Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo na mwalimu anayekijua. Lakini jirani yangu anauza mitumba, anajinyima nyama wiki nzima ili mtoto wake awe English medium, na yeye si mjinga. Anaona watoto wa wakubwa wanasoma wapi, anaona matangazo ya kazi yameandikwa kwa lugha gani, kapiga hesabu yake. Ukimwambia Kiswahili ndo utu wetu anakuuliza, utu wa nani, wa mtoto wangu au wa mtoto wa waziri? Swali hilo ni la haki, na huwezi kulijibu kwa waraka, linajibiwa kwa kukaa naye, umsikie na yeye akusikie, na pengine mtoke wote mmebadilika kidogo.

Ndo maana nikisikia "maadili ya pamoja" na "tunu za taifa" naogopa kidogo, kwa sababu tumezoea kuyapokea yakiwa yameshaandikwa. Sasa hivi kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Somo zuri, watoto wajue walikotoka. Ila mtoto anaweza kupata A kwenye maadili na kesho akamcheka mwenzake aliyekuja bila viatu. Februari 2023 wizara ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa sababu ya maadili, na wazazi wengi niliowasikia waliunga mkono. Mimi swali langu lilikuwa lingine: hivyo vitabu viliingiaje mpaka mashuleni na wazazi tuko wapi? Tulikuwa kwenye ajenda ya uji.

Tuna historia ya jambo hili na tusiisahau. Machi 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akasema shule isimtoe mtoto kwenye jamii yake, ajifunze kufanya kazi, kufikiri mwenyewe, kuuliza, na wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shule yao. Wazo kubwa. Ila lilivyoteremka kutoka juu mpaka darasani kila ngazi ilipunguza kitu, mpaka lilipotufikia sisi lilikuwa kipindi kinaitwa EK na maana yake ni kubeba maji ya mwalimu na kulima shamba ambalo mavuno yake hatujui yalienda wapi. Ukichelewa unapewa adhabu ya kulima. Fikiria hapo, kazi ya mikono ambayo Mwalimu alitaka iwe heshima ikawa ndo adhabu. Kizazi kizima kikakua kinajua jembe ni la mwenye makosa.

Leo tumekuja na mkondo wa amali, ufundi, kilimo, umeme, ushonaji, kuanzia fomu wani. Naupenda huu mpango kwa moyo wote. Lakini nenda kijiweni uulize amali ni nini, watakwambia ni ya wale ambao kichwa hakishiki. Miaka ya sabini tulikuwa na michepuo, kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu, na shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga zilitoa mafundi wa maana kabisa, mingi ya ile michepuo ikaja kufifia. Karakana unaweza kujenga kwa mkopo, mashine ukanunua, walimu ukawaajiri, ila kama baba mtu bado anaamini mtoto aliyeenda amali kaaibisha ukoo, hiyo karakana itapata watoto waliokata tamaa kabla hawajashika nyundo. Imani ya baba inabadilishwa na mazungumzo tu, hamna bajeti ya kuinunua.

Jambo lingine ambalo linanigusa sana ni wasichana waliopata ujauzito. Juni 2017 ilisemwa kwenye mkutano wa hadhara mkoani Pwani kwamba hawatarudi shule. Novemba 2021 ukatoka waraka kwamba watarudi. Uamuzi wa pili naushukuru na sitaki urudishwe nyuma hata hatua moja. Lakini angalia njia, mara zote mbili tuliamka asubuhi tukaambiwa. Sasa mtaani kwetu binti amerudi shule na mtoto kamwachia mama yake, na kwenye ule mkutano kuna mzazi alisema waziwazi kwamba "wale" wanaharibu wengine. Mwingine akamjibu, "Mama, na aliyempa hiyo mimba anaharibu nani? Yule si tunamwona anauza duka?" Kimya. Dakika zile tatu za kimya zilikuwa na thamani kuliko semina, kwa sababu mtu alilazimika kulitazama jambo upande ambao hakuwahi kuutazama. Na mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda.

Hivyo hivyo kwenye viboko. Kanuni za 2002 zinasema visizidi vinne, apige mwalimu mkuu au aliyemruhusu, na iandikwe kwenye kitabu. Wangapi tunajua? Nusu ya wazazi pale walikuwa wanapiga kelele "wachapeni tu walimu, hawa watoto wamezidi", mpaka mama mmoja muuza maandazi akasema mtoto wake tangu achapwe kwa kukosa jedwali la nane akiona namba anatetemeka mikono. Hakuhutubia, alisema hivyo tu akakaa. Waliokuwa wanapiga kelele wakapunguza.

Watu huwa wanasema wananchi wetu hawana muda wa mijadala, wanataka huduma. Mi nakataa, na shahidi wangu ni huyohuyo bibi. Baada ya mkutano nilimsindikiza mpaka barabarani, tukawa tunaongea, akaniambia yeye hakusoma shule ya watoto, alisoma kisomo. Mwaka 1970 serikali iliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama milioni mbili nchi nzima wakakaa kwenye vikundi kusikiliza redio. Bibi anakumbuka vizuri, walikuwa wanakaa uwanjani kwa balozi wa nyumba kumi jioni, redio ya mbao, kipindi kikiisha mmoja anayejua kusoma anasoma kwa sauti kitabu cha kampeni, alafu wanabishana. "Tulikuwa tunabishana sana," akasema, "kuna mzee alikataa choo, anasema baba mkwe na mkwe hawawezi kutumia shimo moja. Tukakaa naye siku tatu. Akakubali ila yachimbwe mawili." Yakachimbwa mawili.

Hilo la mashimo mawili limenikaa kichwani mpaka leo. Serikali ilitaka vyoo, mzee alikuwa na heshima ya ukwe, na hamna aliyemwita mshamba wala aliyemtoza faini, walikaa mpaka wakapata njia ambayo afya inabaki na heshima inabaki. Enzi zile redio ilikuwa inaanzisha maongezi, watu wanazima wanaanza kuongea. Siku hizi redio ndo inayafunga.

Na hata kwenye majengo tumeshaona tofauti. Shule za kata nyingi zilizoota kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zilijengwa na wananchi, msingi tulichimba, mchanga tulisomba, tofali watu walifyatua, kila kitongoji na siku yake. Zilianza na mapungufu makubwa, na matokeo ya kidato cha nne ya 2012 ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri yalituumiza sana. Ila ile shule mtu alikuwa anaiita yetu. Ada ilipofutwa mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016 tulifurahi, mi mwenyewe nina ndugu ambao bila hilo wasingesoma, na mapema 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango kabisa kwa sababu kweli watoto walikuwa wanafukuzwa kwa hela za ajabu ajabu. Vyote viwili vilikuwa na sababu. Tatizo ni kwamba mlango pekee ambao mzazi alikuwa anaingilia shuleni ulikuwa mchango, na ulipofungwa haukufunguliwa mwingine. Mzazi akasema bure ni bure, serikali itajua, akakaa nyumbani. Michango ikarudi taratibu kwa jina la hiari, mzazi akarudi nayo, na hapo ndo tulipo, tunakutana kwa ajili ya uji.

Wakenya wana kitu cha kutufundisha hapa, na wana makovu pia. Katiba yao ya 2010, ibara ya 10, imeweka ushiriki wa wananchi kwenye orodha ileile ya maadili ya taifa pamoja na uzalendo, usawa na utu. Yaani kwao kushirikishwa kwenyewe ni tunu. Mtaala wao wa umilisi ulipoingia mashuleni 2019 wazazi walilalamika mno, gharama za vifaa, mama anahangaika usiku kutafuta sehemu ya kuprinti kazi ya mtoto wa darasa la pili. Septemba 2022 ikaundwa kamati chini ya Profesa Raphael Munavu, ikazunguka kaunti kusikiliza watu, na kabla mwaka haujaisha likatoka pendekezo kwamba sekondari ya chini ikae kwenye shule za msingi, jambo ambalo wazazi walilililia maana watoto ni wadogo kwenda mabweni. Mzazi alisema kitu, kikaonekana kwenye uamuzi. Mengine mengi bado yanawasumbua, walimu hawatoshi, maabara hamna, lakini hilo moja lilirudi na jibu.

Mi ningependa tuanzie chini kabisa. Kila muhula kuwe na mkutano mmoja wa wazazi ambao neno mchango haliruhusiwi kutajwa. Mkutano huo uwe wa kuongea mtoto anajifunza nini, adhabu, lugha, amali, 2028. Ruzuku iliyoingia isomwe kwa sauti, imeingia ngapi na imenunua nini, isiishie kubandikwa ofisini ambako mzazi haingii. Majadiliano yaandikwe yaende kata, halmashauri, wizarani, na wizara ikitoa sera itoe na kurasa chache za Kiswahili chepesi zinazosema wananchi mlituambia hivi, hili tumelichukua, hili tumelikataa kwa sababu hii. Hiyo ya kukataa kwa sababu ndo naitaka kuliko zote. Mtu mzima akikataliwa kwa sababu anaweza kuvumilia, akanyamaziwa anaacha kuja.

Mkutano uliofuata bibi alikuja na karatasi. Mjukuu wa la tano ndo alimwandikia, maswali matatu, la kwanza ni lile la sare na madarasa, la pili kama huyu wa la nne anaweza kwenda kusomea umeme na atasomea wapi, la tatu kwanini vitabu vya watoto wawili wa nyumba moja haviwezi kupokezana. Safari hii hakungoja mengineyo. Yule bodaboda ndo aliyenyoosha mkono akasema mwenyekiti, naomba swali la bibi liwe ajenda ya kwanza, na watu wakasema ndiyo, hata mwalimu mkuu alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Tukaamua afisa elimu kata aitwe kwa barua. Barua niliandika mimi, wazazi wakapanga foleni kusaini kwenye benchi, na bibi alipofika nikamsogezea kile kidau cha wino wa dole gumba. Akakisukuma pembeni, akachukua peni, akaandika jina lake lote, herufi moja moja.